Pop ya Uswidi kwa Watu Wazima: Uanze na The Cardigans au Jens Lekman?

Wasikilizaji wengi huujua muziki wa Uswidi kwa ABBA, au kwa vibao ambavyo Max Martin wa Stockholm amekuwa akiwaandikia waimbaji wakubwa wa Marekani tangu miaka ya 1990. Wachache huijua pop ya indi ya nchi hiyo, yaani ile iliyokulia kwenye lebo ndogo na studio za miji kama Göteborg na Malmö, na hata kati ya hao wachache wengi huishia kwenye nyimbo za ujana, zile za makofi, miluzi na viitikio vitamu. Makala hii inahusu albamu zilizokuja baadaye, wakati watunzi walipoukaribia au kuuvuka umri wa miaka thelathini, wakawa wanaijua studio vizuri, na wakawa wamekwisha kuacha au kuachwa. Kwa msomaji anayetaka kuanza na moja tu, nimezilinganisha mbili kwa kirefu: “Long Gone Before Daylight” ya The Cardigans (2003) na “I Know What Love Isn’t” ya Jens Lekman (2012). Kisha nitazigusa nyingine mbili, kwa ajili ya yule ambaye hizo hazitamfaa.

Sifa ya kwanza inayotajwa kila muziki huu unapozungumzwa ni unadhifu wake, na lazima tuelewane kuhusu neno hilo, kwa sababu wako wanaolitumia kama tusi. Unadhifu wa Waswidi haukudondoka mbinguni. Manispaa zao huendesha shule za muziki ambako watoto hujifunza ala baada ya masomo kwa ada ndogo, na vyama vya elimu ya watu wazima, ambavyo hupata ruzuku ya serikali, huwapa vijana vyumba vya mazoezi. Ndiyo maana bendi ya mji wa kawaida ikihitaji mtu wa vayolini au tarumbeta haihangaiki sana kumpata, na ndiyo maana rekodi zao hata za mwanzo hupangwa vizuri. Swali linalotenga albamu nzuri na ile iliyopigwa pasi tu ni kwamba unadhifu huo unafanya kazi gani. Wimbo wa mtu aliyekosa usingizi kwa majuto, ukipigwa ovyoovyo, unakuambia kwamba ameumia. Ukipigwa kwa mpango, kila ala ikingoja zamu yake, unakuambia kwamba ameumia na kwamba saa mbili asubuhi lazima awe kazini. Ukubwa ni jaa, walisema wazee, na jaa hupokea kila kitu bila kulalamika. Albamu hizi mbili zote ni za watu waliofika hapo, lakini kila mmoja amelipokea lake kwa namna yake.

The Cardigans: bendi iliyoamua kuacha kutabasamu

Bendi hii ilianzishwa mwaka 1992 katika mji wa Jönköping na mpiga gitaa na mpiga besi waliotoka kwenye muziki wa metali, jambo ambalo mtu hawezi kulikisia akiisikia sauti laini ya Nina Persson, ingawa walilikumbusha kila mara kwa kuziimba upya nyimbo za Black Sabbath, bendi ya metali ya Uingereza, kama nyimbo za kubembelezea mtoto. Albamu zao nne za mwanzo zilitayarishwa na Tore Johansson, ambaye studio yake ya Tambourine mjini Malmö iliipa pop ya Uswidi ya miaka ya 1990 sauti iliyotambulika haraka: ngoma kavu, besi ya mviringo, filimbi na tarumbeta za zamani. Dunia iliwajua mwaka 1996 kwa “Lovefool”, kibao kilichowekwa kwenye filamu ya “Romeo + Juliet”, na kibao hicho kiliwaganda kama kupe. Watu walicheza kwa furaha wimbo wa mwanamke anayeomba adanganywe kwamba anapendwa.

“Long Gone Before Daylight” ilikuja baada ya mapumziko marefu. Persson alikuwa ametoa albamu ya mradi wake A Camp mwaka 2001, iliyotayarishwa na Mark Linkous wa bendi ya Marekani ya Sparklehorse na iliyoegemea muziki wa kantri, na alirudi akiwa na mkono mpya wa kuandika. Safari hii mtayarishaji alikuwa Per Sunding wa bendi ya Eggstone, mmoja wa waanzilishi wa studio ileile ya Tambourine. Kilichobadilika husikika tangu dakika ya kwanza: hakuna tena mapambo ya miaka ya sitini, hakuna mitambo ya kompyuta iliyotawala albamu yao “Gran Turismo” ya mwaka 1998. Kuna watu watano wanaopiga pamoja, gitaa lisilo la umeme mbele, kinanda nyuma, na mwimbaji aliyesogezwa karibu sana na sikio. Mtu mkali wa istilahi atapinga kwamba hii si indi, kwa kuwa bendi ilikuwa Stockholm Records, lebo iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya Universal. Ana haki yake. Mimi nimeiweka hapa kwa sababu imezaliwa na studio ileile na watu walewale, na kwa sababu karibu kila albamu ya Kiswidi ya aina hii iliyokuja baadaye hulinganishwa nayo, wahusika wapende wasipende.

Ina nyimbo 11, na nyimbo hizo zimepangwa kama nyumba moja yenye vyumba vingi. Wimbo wa kwanza ni ungamo la mtu asiyejua kuzungumza na anayempenda. “For What It’s Worth”, ambao ndio rahisi kuupenda haraka, ni wa mtu anayetamka mapenzi yake kwa shida kana kwamba anakiri kosa. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, lakini huyu amejaribu kukifunika mdomo hadi beti ya mwisho. “Live and Learn” unamleta mtu nyumbani alfajiri akikuta kila kitu kimekwenda. Na “And Then You Kissed Me”, wimbo mtamu kuliko karibu wote kwa sauti, unahusu kipigo ndani ya nyumba. Msikilizaji anaweza kuupita mara tatu akidhani ni wa mahaba, kisha mara ya nne akasimama na kikombe mkononi. Hapo ndipo ninapoona kazi ya unadhifu: wimbo umevaa vizuri kama anavyovaa vizuri mtu anayeficha alama mwilini. Bendi haikuliacha jambo hilo, kwani mwaka 2005, kwenye “Super Extra Gravity”, waliandika sehemu ya pili yenye jina hilohilo.

Kasoro yake nitaitaja. Nyimbo mbili tatu za katikati zina mwendo mmoja, na “A Good Horse”, uliowekwa mapema ili kuchangamsha, unaonekana kama mgeni aliyekosea mlango.

Jens Lekman: msimuliaji aliyepunguza maneno

Lekman alizaliwa mwaka 1981 na kukulia Angered, kitongoji cha Göteborg, na jina lake lilipanda kwa albamu ya mwaka 2007, “Night Falls Over Kortedala”, iliyopewa jina la kitongoji kingine cha jiji hilo alikokuwa akiishi. Albamu ile ilikuwa karamu. Alikata vipande vya santuri za zamani, akaviunganisha, akaweka vayolini na honi juu yake, na juu ya hizo akasimulia visa kama jirani mwenye mdomo mtamu: siku alipojikata kidole akikata parachichi, mama aliyemnyoa nywele katika saluni ya nyumbani, rafiki wa Berlin aliyemwomba ajifanye mchumba mbele ya baba yake. Ni rahisi kuipenda, na wako watakaosema kwamba ndiyo ingepaswa kuwa hapa badala ya ile ya 2012.

Sikubaliani nao, ingawa ninaelewa wanachokipenda. “I Know What Love Isn’t” iliandikwa baada ya uhusiano kuvunjika, baada ya muda aliokaa Melbourne, Australia, na mtu aliyezoea kujaza kila pembe ya wimbo aliamua kuziacha pembe wazi. Kuna piano, gitaa, filimbi, vayolini chache, na saksafoni ambayo kwa mwingine ingekuwa kichekesho lakini hapa inasikika kama taa ya duka linalofungwa. Vichekesho vyake vimebaki, ila vimekonda. Wimbo uliobeba jina la albamu unawahusu wawili wanaozungumzia kufunga ndoa ili mmoja apate uraia, na mwimbaji anaona kuna uaminifu fulani katika uhusiano usiodanganya kuhusu nia yake. Mtu yeyote anayeishi ugenini, au mwenye ndugu anayeishi huko, atacheka kidogo kisha atanyamaza.

Wimbo ambao kwangu unaifanya albamu istahili bei yake ni “The World Moves On”. Ni mrefu, unakwenda kwa mwendo mwepesi karibu wa kucheza, unapita kwenye joto kali na moto wa msitu nje ya Melbourne, na unaishia kwenye wazo kwamba moyo uliovunjika haupoi, bali mwenye nao hujifunza kuubeba kwa adabu. Nilipolisikia wazo hilo ndipo nilipoelewa kwa nini rekodi nzima imepigwa hivi. Yule mpiga piano asiyekazana, yule mpiga ngoma anayegusa tu, wote wanafanya kile ambacho wimbo unasema: wanabeba kitu kizito bila kukionyesha uzito wake.

Kuna jambo jingine dogo linalonifurahisha. Mwaka 2010 Tracey Thorn, mwimbaji wa Kiingereza wa Everything but the Girl, alimtaja Jens kwa jina katika wimbo wake kuhusu talaka, akimwambia kwa upole wa dada mkubwa kwamba macho yake ya ujana yanaona mapenzi tofauti. Lekman alimjibu kwenye albamu hii kwa “Become Someone Else’s”. Ni mara chache kusikia watunzi wa pop wakijibizana kuhusu umri badala ya kutupiana vijembe.

Zikiwekwa sambamba

Tofauti ya kwanza ni nani anayezungumza. Persson huandika kwa hisia zilizobanwa, bila majina ya mitaa wala tarehe, kiasi kwamba msikilizaji anaweza kuingia na kukaa humo kana kwamba ni nyumba yake. Lekman hutaja mahali, kitu na mtu, na msikilizaji anabaki mgeni anayesimuliwa. Anayetaka muziki wa kumlilia mwenyewe atapata faraja haraka zaidi kwa The Cardigans. Anayetaka kusahau yake kwa muda akifuatilia ya mwingine aende kwa Lekman.

Ya pili ni sauti. Persson ni mwimbaji wa daraja la juu, na katika albamu hii amefikia pale ambapo mwimbaji hupunguza badala ya kuongeza; kimya chake kati ya mistari miwili kina mshindo kuliko kelele za wengi. Lekman ana sauti nene na ya upole, yenye mawimbi ya waimbaji wa kumbi za zamani, na siwezi kukuhakikishia kwamba utaipenda. Msikilize dakika tatu kwanza. Wanaomchukia humchukia kwa sauti, si kwa maneno.

Ya tatu ni Kiingereza chao, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida asiyoijua. Wote wawili wanaandika kwa lugha waliyojifunza shuleni. Hawachezi na misemo ya mtaani ya London wala New York. Wanachagua neno jepesi lililo sahihi, na mara nyingine linakaa upande kidogo, kama shati lililokunjwa na mtu mwingine. Sisi tuliosomea Kiingereza darasani hatupati tabu kufuata mashairi haya, na nadhani tunausikia vizuri zaidi ule umbali mdogo kati ya moyo na lugha, kwa sababu tunaujua. Kwa Lekman umbali huo unazaa kichekesho, na kwa Persson unazaa heshima, kana kwamba mambo fulani yasingesemeka kwa Kiswidi mbele ya wazazi.

Kuhusu utayarishaji, “Long Gone Before Daylight” inadai vifaa. Kwenye spika ndogo ya simu utapoteza besi na vinanda vya chini, na albamu itasikika kama nyimbo za polepole zinazofanana, jambo ambalo nashuku limewapotezea wengi. Tumia vipokea sauti vya kichwani, usiku. Ile ya Lekman inavumilia zaidi, kwa kuwa ala zake ni chache na sauti yake iko mbele. Inafaa hata jikoni, au kwenye basi la asubuhi.

Hukumu yangu ni kwamba anayeanza aanze na The Cardigans, kwa kuwa nyimbo zake zinashika haraka na mlango wake ni mpana. Lakini nikihesabu kwa haki ile ambayo mimi mwenyewe huirudia, ni ya Lekman, na sababu si kwamba ni bora. Ina nyimbo 10 tu, hainichoshi, na kila nikiirudia nakuta sentensi moja niliyokuwa sijaisikia.

Iwapo zote mbili si zako

Baadhi ya wasikilizaji hawataki maneno yawasumbue. Wanataka kufunikwa na sauti. Hao nawaelekeza kwa Sambassadeur, bendi ya Göteborg iliyoanza mwaka 2003 kwa rekodi za nyumbani zenye kelele kidogo na kufikia “European” mwaka 2010, albamu ya nyimbo 9 yenye piano, vayolini nyingi na ngoma zinazosikika kama zimepigwa ukumbini. Anna Persson, ambaye hapaswi kuchanganywa na Nina wa The Cardigans, huimba kwa utulivu usiobadilika hata vayolini zinapopanda juu kabisa, na mvutano huo kati ya mwimbaji aliyetulia na ala zilizosisimka ndio utamu wote. Maneno yake siyakumbuki hata mwezi mmoja baada ya kuyasikia. Muziki wake naukumbuka. Anza na “Days”.

Wengine wataona kwamba unadhifu huu wote unawaziba pumzi, na kwao iko “Clinging to a Scheme” ya The Radio Dept., nayo ya mwaka 2010 na nayo ya lebo ya Labrador kama ilivyo ile ya Sambassadeur. Bendi hii yenye asili ya Lund iliwahi kuwekwa kwenye filamu ya “Marie Antoinette” ya Sofia Coppola mwaka 2006, na njia yake ni kinyume: Johan Duncanson hunong’ona nyuma ya ukungu wa gitaa, mikwaruzo na vipande vya sauti vilivyonaswa kwingine, kana kwamba wimbo unasikika kutoka chumba cha pili. Usidhani lakini kwamba ukungu huo ni uvivu. Kila mkwaruzo umewekwa kwa hesabu, na chini yake kuna hasira ya kisiasa ambayo wenzao niliowataja hawana. Siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Uswidi wa Septemba 2010 walitoa wimbo wa bure wa kuwashambulia watawala, na albamu yao ya 2016, “Running Out of Love”, ina wimbo kuhusu silaha ambazo nchi hiyo yenye sifa ya amani huuza nje. Kwa anayedhani ukomavu ni mambo ya moyo peke yake, albamu hizo mbili zikifuatana ni dawa.

Neno la mnunuzi

Ukimpenda Lekman na kutaka kurudi nyuma hadi “Night Falls Over Kortedala”, fahamu kwamba mwaka 2022 albamu hiyo iliondolewa kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni, na mahali pake pakawekwa toleo lililofanyiwa marekebisho linaloitwa “The Linden Trees Are Still in Blossom”, ambamo nyimbo kadhaa zimerekodiwa upya. Vipande vya santuri za watu vilivyoipa uhai ndivyo vilivyoiponza. Toleo jipya ni zuri, lakini ukiona nakala ya zamani dukani kwa bei ya kawaida, ichukue.

Na kwa “I Know What Love Isn’t”, zima ile sehemu ya programu inayochanganya mpangilio wa nyimbo. Albamu inafunguliwa na piano peke yake, bila neno lolote, na inafungwa na muziki uleule, safari hii ukiwa na maneno. Ukichanganya, unaweza kuyasikia maneno kwanza, na piano ile tupu haitakuwa na la kukuambia.